Nani Alimwagilia Miche Jioni

— Nani amemwagilia miche hii?

Mwalimu Mkuu Muriithi alishika mche mmoja wa kabichi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. Shina lilikuwa limekonda na kuwa jeusi pale linapotoka udongoni, utadhani limekabwa na uzi. Ndani ya ile nyumba ya vioo, aliyoiacha mzungu shamba lake lilipogeuzwa kuwa shule, visanduku arobaini vya miche vilikuwa vimelala chini namna hiyo hiyo, safu kwa safu.

Wanafunzi wa chama cha bustani walitazama viatu vyao. Nje, mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni.

— Nauliza tena. Haya ni maji ya jioni. Mtu anamwagilia jioni, anafunga vioo, baridi inaingia, miche inaoza shingo. Hata mtoto wa hapa Naro Moru anajua! Hapa maji ni ya asubuhi!

Mwalimu Katunge alipangusa viganja kwenye sketi yake.

Yeye hakuwa mtoto wa Naro Moru. Alizaliwa Masii, Ukambani, na kwao mtu akimwagilia asubuhi, jua linayanywa maji kabla ya mmea. Kwao maji ni ya jioni. Shuleni alifundisha Historia na Kiswahili. Chama cha bustani alikabidhiwa kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka. Na kwa muda wa wiki mbili, kila jioni saa kumi na mbili, alikuwa akiingia humu peke yake na ndoo ya kunyunyizia.

— Funguo ziko mbili, alisema Muriithi. Moja anayo Mwalimu Katunge, mlezi wa chama. Nyingine anayo Seth. Mwalimu, unasemaje?

Katunge alifungua mdomo. Wanafunzi thelathini wakainua macho.

— Mimi... hakuna kitu, Bwana Mwalimu.

— Seth?

Seth Khisa, mtunza bustani, alivua kofia. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, wa miaka thelathini na miwili, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea kanisani.

— Bustani iko mikononi mwangu, Bwana Mwalimu. Kilichooza kimeoza mikononi mwangu.

— Basi ni hiyo ngumbaru yako! Kila jioni unakimbilia darasani na watu wazima wenzako, kazi unaifanya mbio mbio. Jumamosi ni Siku ya Wazazi. Nimewaandikia waje na viondo, kila mmoja apewe miche hamsini apande na mvua hii. Niwape nini sasa? Niwape vioo?

— Nisamehe.

— Toa vitu vyako leo. Sitaki wazazi wakukute hapa.

Seth aliinamisha kichwa, akaweka ufunguo juu ya meza ya miche. Alipopita mbele ya Katunge hakumtazama. Au alimtazama kidogo tu, kwa upole, na upole huo ndio ulimchoma zaidi.

Tangu saa hiyo Katunge hakutulia. Aliingia Kidato cha Pili akafundisha somo la Kidato cha Tatu. Aliandika tarehe ubaoni mara mbili, 14 Oktoba 1976, akaifuta mara mbili.

Ukweli ni kwamba ile ndoo ya jioni ilikuwa ya mapenzi. Kila siku alimwona Seth akiacha kazi saa kumi na moja, akikimbia maili mbili hadi darasa la watu wazima, daftari likiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Novemba angeketi mtihani wa darasa la saba. Siku moja, wakipanga visanduku, alikuwa amemwambia:

— Mwalimu, nikipita mtihani, niko na neno nitakuuliza.

— Uliza sasa.

— Hapana. Nataka niulize nikiwa mtu aliyemaliza kitu.

Ndipo Katunge akaanza kumsaidia kwa siri. Alifikiri: nikimwagilia mimi jioni, asubuhi yake atapata nafasi ya kusoma. Hakujua kwamba Seth alikuwa akimwagilia vile vile kila asubuhi, kama kawaida. Miche ilinyweshwa na watu wawili wanaopendana, ikafa kwa maji.

Saa tisa hakuvumilia. Alienda mbio kwenye chumba cha Seth nyuma ya jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, ukuta mtupu. Wakonyo, mlezi wa bweni la wasichana, alikuwa akianua nguo pale nje.

— Unatafuta nani, Mwalimu?

— Seth ameenda wapi?

— Ameenda na sanduku lake. Atakaa Nyeri kwa dada yake Nasirumbi, yule aliyeolewa na polisi. Jumatatu alfajiri anapanda basi la Kitale.

— Na mtihani?

— Mtihani gani? Amejiandikisha hapa. Akienda kwao, huo mtihani atausikia redioni.

Wakonyo alikunja shuka, akamkazia macho.

— Ati kwani wewe unatetemeka nini? Ni malaria ama ni Seth?

— Wakonyo, nimefanya jambo baya sana.

— Maji yakimwagika hayazoleki, Mwalimu.

Alisema hivyo bila kujua alichokisema. Katunge akaangua kilio pale pale, kati ya shuka za wanafunzi.

Ijumaa asubuhi Gathoni, mwenyekiti wa chama cha bustani, alimfuata nje ya darasa. Mkononi alikuwa na daftari lenye jalada la kijani.

— Mwalimu, hii ni kitabu ya Seth ya bustani. Aliniambia nikupatie wewe, si Mwalimu Mkuu.

— Umekisoma?

Gathoni alitazama pembeni.

— Kidogo tu.

Katunge aliketi kwenye ngazi za nyumba ya vioo. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa amekwisha kuota ndevu, kila herufi imewekwa mahali pake kama mche.

*Jumatatu. Saa moja asubuhi. Nimemwagilia visanduku 40. Udongo una unyevu. Nadhani ni umande wa vioo unadondoka. Bwana asifiwe.*

*Jumanne. Saa moja asubuhi. Nimemwagilia kidogo. Miche mitatu imelala. Bwana asifiwe.*

Kisha ukurasa wa mwisho:

*Jumatano. Saa moja asubuhi. Udongo umelowa kabisa. Sikumwagilia. Kuna alama ya kiatu cha mwanamke. Ndoo imetundikwa upande wa kushoto, na katika shule hii anayeshika ndoo kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu. Nimehuzunika kwa ajili ya miche. Nimefurahi kwa ajili yangu. Nitamwambia polepole asiumie. Bwana asifiwe.*

Kumbe alijua. Alijua jana, alipovua kofia. Hakusema uongo hata neno moja, ila alijisogeza mbele ya aibu ya Katunge kama mtu anayemkinga mwenzake na mvua.

Katunge alimkumbuka Petro akiota moto uani, akisema simjui mtu huyu. Petro angalau alisema kitu. Yeye alisema hakuna kitu.

— Gathoni, mlijua kwamba ni mimi?

— Tulikuona kutoka bweni, Mwalimu. Tulidhani mmepatana na Seth.

— Mbona hamkusema?

— Wewe ni mwalimu, alisema Gathoni taratibu. Tulikuwa tunangoja useme.

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko mwezi. Alienda ofisini mara tatu, akakuta Mwalimu Mkuu yuko na wageni wa wilaya, na mara zote tatu akashukuru kidogo moyoni, kisha akaona haya kwa shukrani hiyo. Jioni alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa na sala ndefu, lakini yalitoka maneno manne tu: Mungu wangu, nipe mdomo.

Jumamosi wazazi walifika na viondo vitupu. Akina mama walikaa mbele, wamefunga vitambaa kichwani, wazee nyuma na fimbo zao. Muriithi alikohoa, akasimama.

— Wazazi wapendwa, nasikitika kuwaambia kwamba kwa uzembe wa mfanyakazi mmoja, ambaye nimekwisha kumfukuza—

— Si kweli!

Vichwa vyote viligeuka. Katunge alikuwa amesimama, na hakukumbuka kuinuka.

— Mwalimu Katunge, keti tafadhali.

— Nimeketi siku mbili, Bwana Mwalimu. Sasa naomba nisimame. Miche yenu niliiua mimi. Nilimwagilia jioni. Kwetu Masii tunamwagilia jioni, sikujua kwamba hapa inaoza. Na ilipoulizwa ni nani, mimi nilinyamaza, akafukuzwa mtu asiye na kosa.

Kisha Kagure, mama yake Gathoni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sokoni, akainuka na kiondo chake.

— Mwarimu, mimi niko na swali.

— Uliza, mama.

— Shule iko na mtu wa bustani. Anaripwa. Wewe ni mwarimu wa kitabu. Sasa jioni urikuwa unatafuta nini kwa maji?

Katunge angeweza kusema alikuwa akisaidia shule tu. Jibu hilo lilikuwa tayari ulimini, safi, lenye heshima zake.

— Nilitaka Seth apate nafasi ya kusoma, alisema. Nilitaka apite mtihani. Kwa sababu akipita kuna neno ataniuliza, na mimi nataka sana aniulize.

Mzee mmoja alidondosha fimbo. Kagure alimtazama Katunge kutoka utosini hadi viatuni, akawageukia wenzake.

— Mmesikia? Huyu si mwizi. Huyu ni mtu wa mapenzi asiyejua baridi ya hapa!

Ngemi zikapasua hewa. Akina mama walipiga vigelegele mpaka vioo vikalia. Wanafunzi wa chama cha bustani walikuwa wakirukaruka, na hakuna mwalimu aliyewakataza.

— Na miche? aliuliza Muriithi, akijaribu kuushika mkutano usimponyoke.

— Miche ni nini, Mwarimu Mkuu? alisema Kagure. Kwangu kuna kabichi zimejaa kitalu. Rete mbegu, watoto wasie tena, sisi tutangoja. Rakini huyo kijana arudi. Wewe urimhukumu bira kumsikiza mwenye ufunguo wa piri.

Muriithi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

— Simu iko ofisini, Mwalimu Katunge, alisema mwishowe. Mwambie... mwambie Mwalimu Mkuu naye amekosa.

Laini ya Nyeri ilichukua dakika ishirini kupatikana.

— Kituo cha polisi, Nyeri. Piga ripoti.

— Afande, naomba ujumbe umfikie Nasirumbi, hapo kwenye nyumba za polisi. Ni wa kaka yake, Seth Khisa.

— Mama, hapa si posta.

— Najua, afande. Ni jambo la haraka. Mwambie hivi: ni mimi niliyemwagilia jioni. Nimekiri mbele ya wazazi wote.

— Ngoja, ngoja. Umekiri? Kosa gani? Niandike kwenye kitabu cha ripoti?

— Andika popote!

— Jina la mshtakiwa?

— Katunge.

— Mlalamishi?

— Afande! Mwambie arudi kufanya mtihani. Na mwambie ndoo bado imetundikwa upande wa kushoto.

Katunge alisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

— Sawa, madam. Upande wa kushoto. Lakini hii kesi yako, mimi naona inahitaji padri.

Jumapili Katunge alienda kanisani akaimba bila kusikia anachoimba. Seth hakuwa mtu wa kusafiri siku ya Bwana, alilijua hilo. Lakini Jumatatu alfajiri mabasi yalikuwa mawili, moja la Kitale na moja la Nanyuki, na la Nanyuki ndilo lililopita Naro Moru. Atapanda lipi?

Jumatatu kabla ya saa moja alikuwa tayari ndani ya nyumba ya vioo. Visanduku vilikuwa vimeoshwa, vimejazwa udongo mpya, na mbegu zimefunikwa kwa nyasi kavu. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Aligusa udongo, akapangusa mkono, akaugusa tena. Saa moja ikapita. Saa moja na nusu.

Mlango ukalia.

— Udongo huu umepepetwa vibaya, ilisema sauti ya chini.

Seth alikuwa amesimama pale mlangoni, sanduku mkononi, kofia imelowa umande.

— Nisamehe, Seth.

— Nilikusamehe Jumatano, Mwalimu. Alhamisi ndiyo iliyoniuma. Nilingoja useme neno moja tu.

— Nililisema Jumamosi.

— Nililisikia. Shemeji alinisomea kutoka kwenye kitabu cha ripoti, polisi wote wakisikiliza.

Wakacheka. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye vioo.

— Mtihani umebaki wiki tatu, alisema Seth. Nikimaliza, lile neno langu—

— Hilo neno lako ni la baada ya mtihani?

— Ndiyo.

— Mimi sina mtihani, Seth. Naweza kuuliza leo.

Alimtazama usoni, bila kuinamisha macho.

— Utanioa?

Seth aliweka sanduku chini, akavua kofia kama alivyovua siku ile, lakini safari hii alikuwa akitabasamu.

— Nitakuoa, Katunge.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita bila Mwalimu. Kisha akaenda ukutani, akaitungua ndoo kutoka upande wa kushoto, akampa aishike kwa mkono wake wa kushoto, na yeye akashika upande wa pili wa mpini.

Walipomaliza Seth alitoa kalamu. Katunge alifungua lile daftari la kijani juu ya meza ya miche, na Seth akaandika polepole, herufi moja moja, bega lake likigusa lake:

*Jumatatu. Saa mbili asubuhi. Tumechelewa. Tumemwagilia visanduku 40. Bwana asifiwe.*