Sungura wa Biskuti

Hili lilimpata rafiki yangu, fundi cherehani, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Kampuni moja ya biskuti ilitoa mchezo wa simu. Ndani yake kuna sungura anayelia, "Dada, nina njaa," mpaka mtoto aipige picha pakiti mpya. Ndipo anatafuna na kucheka. Binti wa rafiki yangu, mtoto wa miaka minne, akaanza kukataa biskuti zake.

"Ni za sungura, mama. Mimi nimeshiba."

Ameshiba nini? Watu wazima na akili zao walikaa ofisini wakatunga kilio cha kumliza mtoto, ili sisi tununue!

Jioni moja rafiki yangu aliufuta mchezo, akaizima simu na kuifungia kabatini. Binti alilia hadi usingizi ukamchukua. Mara umeme ukakatika. Rafiki yangu akatoka kununua mshumaa duka la jirani.

"Shika na kiberiti, mama. Ukijikwaa utanilaumu mimi," mwenye duka alimtania, akammulikia tochi mpaka mlangoni. Mungu ambariki.

Ndani giza lilikuwa zito. Kabla hajawasha mshumaa alisikia kutafuna, taratibu, kama meno madogo yanavunja kitu kikavu. Akakimbilia kitandani, akampapasa mtoto mdomo. Umefumba, na amelala fofofo.

Kutafuna kulitoka kabatini.

Alipoweka sikio kwenye mlango wa kabati, kukawa kimya. Kisha ile sauti ya sungura ikaita, na safari hii haikumwita dada.

"Mama, nina njaa."