Laini Yenye Kidole cha Erica

"Zimekuja?"

"Hazijaja."

"Bonyeza tena basi."

"Nimebonyeza mara tatu, Feli. Nikiongeza ya nne watanifungia mpaka kesho."

Mika alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya kitalu chake cha miche ya parachichi kijijini Yakobi, simu mkononi, uso umekunjamana. Wiki mbili sasa ukurasa wake wa mtandaoni ulikuwa umemtoa nje. Ulikuwa na wafuasi elfu thelathini na moja, na huko ndiko wakulima walikoagizia miche kabla ya mvua. Kila akijaribu kuingia, aliandikiwa maneno yaleyale: *Tumetuma msimbo wa tarakimu sita kwa namba inayoishia na 62.*

Namba sita zilitumwa, lakini Mika hakuzipata.

"Pole, mpenzi," Feliciana akasema.

Alikuwa amesema pole kila siku kwa siku kumi na nne. Na siku zote hizo alijua kwamba aliyesababisha ukurasa ule ufungwe ni yeye.

Ilianza Jumapili moja mwanzoni mwa Oktoba. Mika aliweka picha ya mikono yake ikibebesha mche, ikiunganisha kikonyo kwenye shina. Mtu asiye na picha wala jina la kueleweka akaandika chini yake: "Mikono hii naijua." Maneno matatu tu.

Feliciana alikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati moja mjini Njombe, na kazi ilimfundisha kutomwambia mtu ana malaria mpaka awaone vimelea kwa macho yake. Kwa hiyo hakumuuliza Mika. Jumatatu, saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, alikisia nenosiri la Mika kwenye simu yake mwenyewe, akakosea, akabonyeza *Umesahau nenosiri?* Jumanne akarudia. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa vilevile. Jumamosi ukurasa ukaona unashambuliwa, ukawafungia wote nje, mwenyewe akiwemo.

Alichoambulia ni tarakimu mbili: 62. Namba ya Mika aliyoijua yeye iliishia na 15.

"Hiyo ya sitini na mbili ni namba ya nani?" aliuliza sasa, kama mtu anayeuliza bei ya mboji.

"Laini yangu ya zamani. Ilikufa na simu iliyotumbukia kwenye lile pipa la maji."

"Lini?"

"Miaka minne iliyopita."

"Si uende ukairudishe? Watu wanarudisha laini kila siku."

Mika akachuma jani lililokauka, akalisaga kati ya vidole.

"Haikusajiliwa kwa jina langu."

"Kwa jina la nani?"

"Unakumbuka walipotulazimisha kusajili laini kwa alama za vidole? Namba yangu ya kitambulisho cha NIDA ilikuwa haijatoka. Siku zimeisha, laini inazimwa, wateja wote wako mle. Mtu akaniwekea kidole."

"Mtu."

"Erica."

"Erica wa Makambako? Yule aliyekuwa mchumba wako?"

"Hakuwa mchumba. Tulikuwa pamoja tu."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Miaka mitatu ndiyo 'tu'?"

Feliciana akazunguka nyuma ya banda, ambako kibao cha zamani cha kitalu kilikuwa kimeegemezwa ukutani na namba ya zamani ikisomeka vizuri. Akaipiga, akaweka sauti kubwa.

Ikaita.

"Laini iliyokufa haiiti, Mika. Usipoitumia miezi michache inafungwa. Hii ina miaka minne na bado iko hewani. Kuna mtu anaiwekea vocha."

"Mimi sijui chocho..."

"Haloo," ikasema sauti ya mwanamke.

"Haloo. Naongea na nani?"

"Umepiga wewe, dada. Jitambulishe wewe."

"Feliciana. Mchumba wake Mika."

Upande wa pili sauti ikalegea. Ikamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene, Feliciana. Nilikuwa nakusubiri. Namba sita zake ninazo, zinaingia huku kama mvua. Ila kwa simu sizitaji. Njooni kesho wote wawili, hapa kwenye maegesho ya malori. Ulizeni duka la turubai."

Simu ikakatwa.

"Amesema alikuwa ananisubiri," Feliciana akasema. "Kwa nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Keshokutwa Jumapili tunatangazwa kanisani mara ya tatu. Baada ya hapo ni pete. Kama kuna kitu, nataka nikikute kesho."

"Hakuna kitu."

"Basi kesho tutakiona hicho ambacho hakipo."

*

Makambako walifika saa nne asubuhi. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamepanga mstari, madereva wakipiga mswaki kando ya magurudumu. Erica alisimama mlangoni pa duka lake, tepu ya kupimia shingoni, akimkatia dereva kamba. Feliciana alimpima kwa mtazamo mmoja: miaka thelathini na tano, meno mazuri, pete hana. Alitamani walau angekuwa mbaya wa sura.

"Karibuni. Mika, umekonda. Huyu hakulishi?"

"Anakula vizuri," Feliciana akajibu. "Tumekuja kwa namba sita."

"Utaondoka nazo. Kaeni kwanza. Chai?"

"Mimi nitaku..." Mika akaanza, akakutana na jicho la mchumba wake. "Basi, asante. Tumeshakunywa."

Erica akacheka.

"Jumatano pia ulikataa chai. Nikakwambia nenda, uje naye. Angalau hilo umetii."

Feliciana akamgeukia Mika polepole.

"Jumatano?"

"Feli, sikiliza..."

"Jumatano uliniandikia ujumbe. Ninao hapa. 'Niko kitaluni, pampu imeharibika, sitapatikana mpaka jioni.'"

"Nilikuja kuomba zile namba. Nilikaa robo saa, nikaondoka mikono mitupu. Muulize."

"Dakika kumi," Erica akasema. "Hata kwenye kiti hakukaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nikitaja jina la Erica utaanza."

"Nitaanza nini?"

"Hiki."

Dereva aliyekuwa akinunua kamba akasahau kuomba chenji, akajifanya anakagua turubai. Erica akamfukuza kwa mkono kama kuku.

Feliciana alivuta pumzi. Alipanga maswali yake kama anavyopanga vioo vya sampuli, kimoja kimoja.

"Dada Erica, laini ilikufa kwenye maji. Nani aliifufua?"

"Mimi. Kidole ni changu, nilikwenda dukani wakanipa kadi nyingine siku hiyohiyo."

"Na vocha?"

"Naweka mimi."

"Miaka minne?"

"Miaka minne."

"Kwa nini?"

Erica alivua tepu shingoni, akaanza kuiviringisha.

"Tulipoachana nilijiambia, huyu siku moja ataipiga namba yake ya zamani aone kama bado ipo. Watu hufanya hivyo. Nikasema akipiga, anikute." Akamtazama Mika bila aibu. "Hakupiga hata mara moja. Walipiga wakulima. 'Bwana Mika, miche ipo?' Nikawa nawapa namba yake mpya. Wengine nikawauzia turubai."

Mika aliinamisha kichwa. Feliciana alihisi wivu ukimpanda. Mwanamke huyu alikuwa amefanya kwa miaka minne jambo ambalo yeye, mwenye pete njiani, hakuwa na hakika kama angeliweza.

"Na 'Mikono hii naijua', ni wewe?"

"Ni mimi. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Niliandika, nikajuta, nikaona nikifuta nitaonekana mwoga."

"Unampenda bado."

"Nilikuwa nasubiri. Kupenda na kusubiri vinafanana ukivitazama kwa mbali. Ndiyo maana nilitaka uje, nikuone, nimalize." Erica akatoa kwenye droo simu ndogo ya vitufe, akaiweka mezani. "Sasa na mimi nina swali langu. Mika, wewe ulianza kuomba msimbo lini?"

"Tarehe kumi na moja. Jumamosi niliyotolewa nje."

"Sawa. Zipo za kumi na moja, za kumi na mbili, chungu nzima. Lakini kabla yake kuna tano." Akasoma akivuta maneno. "Tarehe sita, saa saba na dakika kumi mchana. Tarehe saba, saa saba na dakika nane. Nane, saa saba na robo. Tisa. Kumi. Zote saa saba. Hizi ni za nani?"

"Mwizi," Mika akasema papo hapo. "Nilijua! Kuna mtu alitaka kuniibia ukurasa."

"Mwizi gani anafuata muda wa chakula cha mchana?"

Erica alisema hivyo akimtazama Feliciana.

Feliciana angeweza kunyamaza. Simu ile ilikuwa na saa na tarehe, lakini haikuwa na jina. Mika angemlaani mwizi mpaka Njombe, na Jumapili wangetangazwa. Lakini kwa miaka sita Feliciana alikuwa amewapa watu majibu wasiyoyataka, akiwatazama usoni. Hakuona ni kanuni gani ingemruhusu kulificha la kwake.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?" Mika akauliza.

"Hizo tano ni zangu. Nilitaka kusoma meseji zako. Ukurasa ulifungwa kwa sababu yangu."

Nje, lori likapiga honi ndefu. Mika alimtazama kama anayesoma maandishi madogo.

"Ulipaswa kuniuliza."

"Najua."

"Erica," akasema bila kumwondolea macho mchumba wake, "nabonyeza sasa. Nisomee."

Sekunde chache, simu ya vitufe ikalia.

"Mbili. Tisa. Sifuri. Nne. Nne. Saba."

Ukurasa ukafunguka. Meseji mia mbili na kumi na nne zikamiminika. Mika hakuzigusa. Akainyoosha simu kwa Feliciana.

"Soma."

"Mika, si lazima..."

"Umeutafuta kwa wiki tatu. Soma zote."

Mwingine angeirudisha simu ile kwa machozi. Feliciana alivuta kigoda, akaketi kati ya marobota ya turubai, akasoma zote. Ilimchukua dakika arobaini. Mika alikaa nje na madereva. Erica aliuza kamba mita sita na turubai moja, na mara mbili akaleta chai bila kuuliza. Ya pili Feliciana aliinywa.

Zilikuwa bei, oda na malalamiko. Mama mmoja wa Makete aliuliza kama miche inaugua baridi, na Mika alimjibu kwa aya tatu. Mwanamke mmoja alimwandikia "mpenzi" mara nne, akajibiwa kila mara "mteja wetu".

Akatoka nje.

"Hakuna kitu."

"Umeridhika?"

"Ndiyo."

"Mimi bado," Mika akasema. "Siumii kwa sababu ya wateja, hao watarudi. Wiki mbili umenikuta nimekaa juu ya ndoo ile, ukanishika bega, ukasema pole. Kila siku. Pole ile ndiyo inayoniuma."

"Ilikuwa ya kweli."

"Ndiyo maana inauma."

"Na pampu ya Jumatano? Ile nayo nikuulize ilikuwa ya kweli?"

"Pampu ilikuwa nzima," akakiri.

"Basi tuko wawili."

Hawakucheka. Lakini Mika alisogea kidogo kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa. Akafungua mipangilio ya ukurasa, akaitoa ile ya 62, akaweka ya 15. Skrini ikataka namba ya pili, ya akiba, ya mtu unayemwamini. Kidole chake kikasimama hewani.

"Nikuweke wewe?"

Feliciana alifikiri kwa uaminifu wote aliokuwa nao.

"Usiniweke."

"Kwa nini?"

"Najijua. Nitaingia."

Mika akamtazama, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kicheko kikamtoka mpaka dereva wa jirani akageuka.

"Basi naweka ya mama."

"Mama yako hajui kufungua meseji."

"Ndiyo huyo ninayemtaka."

Walipoaga, Feliciana alibaki nyuma hatua mbili.

"Ile laini utaifanya nini, dada?"

"Sitaweka vocha tena," Erica akasema. "Itajifunga yenyewe. Nendeni, gari lenu linajaa."

*

Njia nzima mpaka Njombe Mika hakuzungumza, na jioni hakupiga simu. Saa moja usiku Feliciana akamwandikia:

"Kesho utakuja kanisani?"

Hakujibiwa. Alilala akiwa na hakika ya jambo moja tu: alikuwa amesema kweli, na kweli haina dhamana ya kulipwa. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu simu ikatetemeka.

"Niko foleni ya kinyozi. Niwekee nafasi. Kaa katikati, mimi nikae pembeni, mama yako ananiogopesha."

Mika alifika nyimbo zikiendelea, kichwa kinang'aa, akajibana kwenye benchi. Mkono wake ulitafuta wa Feliciana chini ya kitabu cha nyimbo, ukaushika.

Paroko akafungua daftari.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, tunawatangaza Mika na Feliciana. Anayejua sababu ya kuizuia ndoa hii na aje kuniona leo, ama anyamaze."

Feliciana aligeuza shingo, akakagua mabenchi ya nyuma moja baada ya jingine, mpaka mlangoni.

"Unamtafuta nani?" Mika akanong'ona.

"Simtafuti mtu," akajibu, akamaliza benchi la mwisho ndipo akageuka mbele. "Nahakikisha tu."