Siku Mama Françoise Alipoitwa Mtu wa Waasi

Okito ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, katika mtaa wa Kasuku, mjini Kindu. Kila asubuhi anaosha pikipiki yake mbele ya nyumba. Mke wake, Odile, anapanga sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki ndani ya beseni, kisha Okito anampeleka sokoni. Watu wanawaita Baba Dieumerci na Mama Dieumerci, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Okito anachechemea kidogo mguu wa kushoto. Zamani wateja wakimwuliza, alijibu, "Ni vita." Hakusema zaidi. Odile peke yake ndiye aliyejua habari yote.

Wakati wa vita, Okito alikuwa kijana. Waasi walishika mji. Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji waliowapinga, walikaa porini, wakauzunguka mji pande zote. Treni haikufika tena. Chumvi haikuonekana. Watu walikula majani yasiyoliwa. Siku moja Okito alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, akaingia mashamba ya upande wa Alunguli kutafuta muhogo. Risasi zikalia. Moja ikampiga mguuni. Hakujua nani alipiga.

Kuwa na jeraha la risasi kulikuwa hatari. Waasi wakiliona, walisema, "Huyu ni Mai-Mai." Mtu kama huyo alichukuliwa, na hakurudi. Okito alitambaa hadi nyumba ya mwuguzi mmoja wa Alunguli, Mama Françoise. Mama huyo alimficha katika chumba cha kuni. Alimtoa risasi, akamfunga jeraha, akamchoma sindano kila siku.

"Dawa hii unaitoa wapi, mama?" Okito alimwuliza. "Mjini hakuna hata kidonge kimoja."

"Askari wa waasi wanakuja kwangu na vidonda vyao," Mama Françoise alijibu. "Wanakuja na bunduki, siwezi kukataa. Wanaleta dawa zao. Nikiwafunga wao vidonda, ninabakiza kidogo kwa ajili yenu."

Kwa dawa hiyo Okito alipona. Wengine wengi walipona pia.

Vita vilikwisha. Okito akaoa, akapata watoto, akanunua pikipiki. Mama Françoise akabaki Alunguli, katika kituo kidogo cha afya. Miaka mingi ikapita.

Uchaguzi ukakaribia. Chama cha Okito kilitaka mgombea mmoja wa kiti cha mbunge wa jimbo, yaani deputé. Wanachama wawili walitaka nafasi hiyo. Mmoja alikuwa Mama Françoise. Wa pili alikuwa Axel, mfanyabiashara kijana aliyerudi kutoka Kinshasa. Chama kikaamua wajadiliane katika televisheni Jumapili mchana. Jumamosi iliyofuata, wanachama wangepiga kura kumchagua mmoja wao.

Jumapili hiyo watu walijaa kwenye duka la Papa Nzanzu. Nzanzu ni mtu wa Butembo, huko Kivu. Anauza vipuri vya pikipiki, na ana jenereta na televisheni kubwa. Motari walikaa mbele. Wengi walivaa tisheti zenye picha ya Axel. Okito pia alivaa, akiwafuata wenzake.

Axel alianza. Alisema Kifaransa kizuri, kisha akarudi kwenye Kiswahili na kuchekesha watu.

"Mukinichagua, nitajenga daraja juu ya Lualaba!" alisema. "Motari atatoka Kasuku, atafika Alunguli bila kushuka!"

Duka zima lilipiga makofi. Okito alipiga zaidi ya wote. Aliona daraja machoni pake.

Ikawa zamu ya Mama Françoise. Alisema polepole. Alisimama katikati ya neno, akakohoa. "Mimi sitajenga daraja," alisema. "Deputé hajengi. Nitauliza serikali ya jimbo: pesa ya vituo vya afya inakwenda wapi? Nitauliza mpaka watajibu."

"Mama, kapumzike!" kijana mmoja alipaza sauti mbele ya televisheni. Watu wakacheka. Okito naye akacheka.

Kisha Axel akanyoosha kidole. "Wakati wa vita, sisi wote tulilala njaa. Lakini kuna watu walikula na waasi. Huyu mama atuambie. Mji mzima haukuwa na dawa. Yeye alipata wapi?"

Watu wakasogelea televisheni. Okito akauvuta mguu wake wa kushoto nyuma.

Mama Françoise hakukasirika. "Ni kweli, nilifunga vidonda vya askari," alisema. "Dawa yao niliwapa raia. Kuna watu wanaojua. Mwuguzi hawezi kutaja majina ya wagonjwa wake. Wakitaka, watasema wenyewe."

Kengele ililia. Muda wake ulikuwa umekwisha.

Hapo kelele zikaanza. "Amekubali! Umesikia? Amekubali!" "Mke wa waasi!" "Walituua, yeye anawaponyesha!"

Papa Nzanzu alisimama. "Ndugu zangu, ngojeni. Huyu Axel iko na ushahidi? Ameuliza tu, hajaonyesha kitu."

"Wewe ni mtu wa Kivu," motari mmoja akamjibu. "Mambo ya hapa hayakuhusu. Nyamaza."

Nzanzu akatazama watu wote dukani, mmoja mmoja, kana kwamba anamtafuta mtu wa kumsaidia. Okito alitazama chini. Alitaka kusimama. Maneno yalifika kooni: "Ni mimi. Mimi ni mmoja wa wale watu." Lakini rafiki zake walikuwa kulia na kushoto, wamevaa tisheti ile ile. Na ile hofu ya zamani, ya kuulizwa jeraha lake limetoka wapi, ilikuwa bado ndani yake. Akabaki ameketi.

Jumatatu Odile alirudi kutoka sokoni na beseni lake bado limejaa nusu. Hakusalimia.

"Baba Dieumerci, soko nzima inasema Mama Françoise alikuwa muntu wa waasi. We ulikuwa kwa Nzanzu jana?"

"Nilikuwa."

"Ulisema nini?"

Okito alichukua kitambaa, akaanza kufuta pikipiki. Odile akaketi kwenye kibao.

"Hukusema kitu," alisema. "Dawa ile njo ilikuponyesha mguu. Watoto hawa wote wametoka ndani ya dawa ile. Na hukusema kitu."

"Watu walikuwa wengi," Okito alisema. "Na Axel atatujengea daraja."

"Nani alikuambia deputé anajenga daraja?"

Okito aliingia ndani. Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Jumanne alikwenda kwa Jacqueline, jirani yao. Jacqueline anafundisha watu wazima kusoma na kuandika kwenye parokia, na wakati wa uchaguzi anawaeleza watu haki zao. Okito alimkuta anaanika nguo. Akamweleza yote, hata habari ya chumba cha kuni.

Jacqueline aliacha nguo. "Baba Dieumerci, nikuulize. Axel alisema daraja. Alisema pesa itatoka wapi?"

"Hapana."

"Alisema kazi ya deputé ni nini?"

"Hapana. Ni mama ndiye alisema."

"Alisema kweli. Deputé wa jimbo anatunga sheria za jimbo. Anapiga kura juu ya bajeti. Anaita serikali ya jimbo ijieleze. Daraja kubwa kama lile si kazi ya mtu mmoja. Anaweza kuliomba, hawezi kuliahidi. Muntu akikuahidi kazi isiyo yake, ama hajui, ama anakudanganya."

"Na ile habari ya waasi?"

"Axel aliuliza swali lenye sumu. Hakuleta shahidi wala karatasi. Kwenye mjadala, neno baya juu ya mwenzako ni neno tu mpaka lipate ushahidi. Nyinyi mungeuliza, kama Papa Nzanzu. Sikiliza anachosema, si namna anavyochekesha. Usiangalie Kifaransa chake, wala anatoka wapi. Uliza alifanya nini kabla ya kuomba kura."

Okito aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo nimpe mama kura sababu aliniponyesha?"

"Hata hiyo si sababu ya kutosha," Jacqueline alisema. "Deni lako kwake si kura. Kura utampa yule anayeweza kazi. Deni lako kwake ni ukweli. Ukweli unausema mbele ya watu, na unausema mapema."

Okito aliahidi kusema. Jumatano alikwenda kwenye kituo cha motari, lakini wenzake walikuwa wanaimba wimbo wa Axel. Alisema moyoni, nitasema kesho. Alhamisi mvua ilinyesha. Ijumaa alimweleza rafiki mmoja pembeni, kwa sauti ndogo. Rafiki yule alicheka, akasema, "Acha, mambo yamekwisha."

Jumamosi walipiga kura. Kura ilikuwa ya siri. Okito alimchagua Mama Françoise, na hakuna aliyejua. Axel alishinda kwa mbali sana.

Jioni ile tu ndipo Okito aliposimama mbele ya wanachama.  Alikunja suruali, akaonyesha kovu. Alisema kila kitu. Watu wachache walishika midomo yao. Mzee Hamisi, mkubwa wa chama pale mtaani, alitikisa kichwa.

"Mutoto wangu," alisema, "maneno haya tulikuwa na haja nayo Jumapili. Leo tutayafanya nini?"

Axel akawa mbunge. Alionekana mtaani mara chache. Daraja halikujengwa, wala hakuna aliyemwuliza. Lakini maneno aliyosema juu ya Mama Françoise yalibaki mjini. Kule Alunguli wamama walianza kukataa sindano zake. "Dawa ya waasi," walisema. Wengine walitupa mawe juu ya bati la nyumba yake. Mwisho alifunga vitu vyake, akaenda kwa dada yake huko Kalima.

Okito alipanda pikipiki, akamfuata. Njia ilikuwa matope matupu. Alimkuta Mama Françoise anapepeta mchele nyuma ya nyumba. Alikuwa amezeeka. Okito alipiga magoti, akaomba msamaha.

"Simama, baba," mama alisema. "Mguu ule hautaki kupiga magoti." Alimpa kiti na maji. Kisha akasema, "Siku ile kwenye televisheni, niliposema kuna watu wanaojua, nilikuwa ninasema nawe. Nilijua unaangalia."

"Nilisikia, mama."

"Nilingoja mpaka Jumamosi. Nimekusamehe, usilie. Lakini usiniombe kurudi. Kusamehe ninaweza. Kurudi, hapana."

Okito alirudi Kindu peke yake. Alimwendea Papa Nzanzu, akamwomba msamaha pia. Pamoja na Jacqueline na Odile, wakaanza kukutana dukani Jumapili mchana. Motari walikuja, na wamama wa soko. Jacqueline alieleza kazi ya mbunge, ya gavana, na ya mkubwa wa mtaa. Walijizoeza kuuliza: Hii ni kazi yake? Pesa itatoka wapi? Alifanya nini zamani? Nani ameshuhudia? Wengine walichoka, wakaacha. Wengine walibaki.

Uchaguzi mwingine ulipofika, chama kilifanya tena mjadala katika televisheni. Axel alitaka kurudi. Mshindani wake alikuwa Rémy, mkulima wa Kailo aliyehamia mjini, mtu asiyejua kusema sana. Axel alinyoosha kidole kama zamani. "Huyu alikula mbegu za wakulima wenzake!"

Kelele zikaanza dukani. Safari hii Okito alisimama mbele ya wengine wote. "Ushahidi iko wapi?" alisema kwa nguvu. "Tumuache mwenzake ajibu. Kisha tuende tukaulize." Watu wakanyamaza, wakamsikiliza Rémy mpaka mwisho. Kesho yake Okito na Nzanzu walikwenda Kailo. Wakulima waliwapeleka mashambani, wakawaonyesha mpunga uliotoka kwenye mbegu zile. Jioni walirudi na kueleza yote kwenye kituo cha motari na sokoni.

Rémy alichaguliwa na chama, kisha na watu. Kazi yake ina mapungufu, na Jumapili wanamwuliza bila haya. Lakini aliiita serikali ya jimbo ieleze habari ya vituo vya afya. Aliuliza mpaka wakajibu. Kituo cha Alunguli kikapata dawa, kitanda cha wazazi na mwuguzi mpya, msichana anayeitwa Kavuo.

Siku moja Okito alimvusha mgonjwa hadi pale. Wagonjwa walikuwa wengi kwenye benchi. Kavuo alikuwa anafungua sanduku la dawa.

"Papa," alimwuliza Okito, "kabla yangu nani alifanya kazi hapa? Kila nikiuliza, watu wanatazama pembeni."

Okito alisimama katikati ya ua, wote wapate kusikia. Alieleza habari ya vita, ya chumba cha kuni, na ya dawa za askari. Alitaja jina la Mama Françoise. Alisema pia kwamba yeye alikuwa dukani siku ile, na kwamba alinyamaza.

Mama mmoja kwenye benchi alikuwa anamtazama bila kupepesa macho.

"Mi nilikataa sindano yake," alisema. "Nilirudi nyumbani na mutoto, sababu ya maneno yale. Sasa unasema ilikuwa uongo?"

"Ilikuwa uongo, mama."

Okito akasogea karibu na benchi. Kisha akauliza, "Na mutoto?"

"Tulimzika," mama yule alisema. Kavuo alikuwa ameita jina lake. Aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akaingia ndani.