Fundi Aliyeandika Usiguse

Soko la Mwanjelwa, Mbeya, siku ya Jumamosi halina adabu. Mtu anakukanyaga, kisha anakutazama wewe kwa hasira. Ndivyo alivyokanyagwa Nyamizi akiwa na furushi la masweta ya mitumba kichwani, bidhaa ya kwenda kuuza kwao Igowole, Mufindi. Akayumba, na PSP, mashine ndogo ya gemu aliyoishika mkononi, ikamponyoka. Fundi simu mmoja aliyekaa kwenye meza yake akaidaka kabla haijafika chini.

Jina lake Gwakisa. Jaketi jeusi la ngozi, ndevu zimechongwa vizuri, kucha safi kuliko za mafundi wote wa pale. Nyamizi alivaa sweta la zambarau, sketi ndefu ya kitenge na raba nyeupe ambazo matope yalishaziharibu. Gwakisa aliirudisha ile mashine bila kuitazama, maana macho yalikuwa kwa mwenye nayo.

"Dada, mtu mzima na gemu?"

"Si yangu. Ya baba."

Gwakisa akacheka, lakini Nyamizi hakucheka. Alimweleza kwamba baba yake, Mzee Budeba, alifuga ng'ombe Usangu miaka mingi mpaka kiharusi kilipompiga, na sasa anaishi naye. Hospitali walimwambia avifanyishe mazoezi vidole vya mkono wa kulia. Mzee alikataa mazoezi yote, ila gemu ya mpira aliipenda. Sasa alitaka ile yenye timu za Bongo na mtangazaji wa Kiswahili, na mashine ilikuwa inaikataa.

Gwakisa alisema hilo ni jambo dogo. Ataiflashi: ile programu ya kiwandani ataivika nyingine iliyotengenezwa na watundu wa mtandaoni, na mashine itakubali gemu yoyote atakayoinakili kwenye memori kadi. Kazi aliifanya, na tumpe haki yake, aliifanya vizuri.

Lakini programu ya namna hiyo haigandi moja kwa moja. Chaji ikiisha, au ikizimwa kabisa, mashine inaamka imesahau kila kitu na gemu hazifunguki. Dawa yake ni alama moja ndogo iliyoko kwenye menyu. Unaibonyeza mara moja, kila kitu kinarudi. Fundi yeyote mwenye utu humwonyesha mteja alama hiyo kabla hajaondoka. Gwakisa aliipa jina USIGUSE, akamwambia Nyamizi kwamba atakayeibonyeza ataiua mashine. Alitaka arudi, basi. Namba ya simu alikuwa ameshapewa, na kwa tabasamu, lakini haikumtosha.

Igowole umeme unakatika unavyotaka. Haikupita wiki, simu ikalia Mwanjelwa.

"Gemu imekataa tena, fundi."

"Ilete, mama. Na uilete mwenyewe, usimpe kondakta."

"Nikimpa kondakta, chipsi zako utakula na nani?"

Ikawa hivyo. Nyamizi anapanda basi alfajiri, anafika Mbeya mchana, Gwakisa anaingia na mashine nyuma ya pazia, anabonyeza mara moja, kisha anakaa huko anachezea simu yake. Akitoka anajifuta jasho ambalo halipo. Halafu wanakula, wanataniana, anamshika mkono, anamwita mke wangu mbele ya mafundi wenzake. Nyamizi alimpenda, na alimpenda kweli. Masweta aliyokuwa akinunua hayakuhitaji safari zote hizo, lakini safari zenyewe alishaanza kuzingoja.

Mzee Budeba naye vidole vilianza kufunguka. Akifunga goli anamwita jirani yao, mama Faustina, aje kushuhudia. Jioni moja alimwambia binti yake, "Mayu, mwanangu, huyo fundi mlete nimwone. Mtu anayehangaika hivi na kidude cha mzee, moyo wake mzuri."

Mwezi wa saba, baridi ya Mufindi ikiwa imekaza, mashine ilizima tena. Asubuhi hiyo mzee aliamka ulimi mzito. Alimwomba Nyamizi asiende. Nyamizi akadhani baba anamwonea huruma kwa ile baridi, na kwamba kilichomvunja moyo ni gemu. Akamfunika blanketi la pili, akamkabidhi kwa mama Faustina, akaahidi kurudi jioni.

Alipofika Mwanjelwa alimwambia Gwakisa waziwazi: baba hakuamka vizuri, nifanyie haraka nigeuze na basi. Gwakisa alisikia. Lakini siku hiyo shangazi yake, Veneranda, alikuwa amepika nyumbani kwake Soweto, hapohapo Mbeya, ili amwone mchumba. Kijana akaingia nyuma ya pazia, akatoka anatikisa kichwa. Akasema leo mashine imekuwa ngumu, ataimaliza kesho asubuhi, mzee atapona akiiona inawaka. Ubinafsi wa namna hii watu huuita mapenzi, mimi nashindwa kuupa jina hilo.

Nyamizi alilala kwa shangazi Veneranda. Asubuhi walikuwa mezani wanakunywa chai mama Faustina alipopiga simu. Mzee Budeba alikuwa amefariki. Alikuwa akimwita binti yake mpaka sauti ilipokata.

Msibani alikuja Jofrey, binamu wa Nyamizi, mwanafunzi wa chuo Iringa mjini. Aliiona PSP juu ya kabati, ambayo Nyamizi alirudi nayo bila kutengenezwa, akaichaji, akabonyeza USIGUSE bila kufikiri, mpira ukafunguka. Nyamizi alimuuliza amefanyaje. Jofrey, ambaye hakujua anachosema kinakwenda kuchoma wapi, alimweleza kwamba hiyo ni ya kurudishia programu chaji ikiisha, wenye PSP wote wanaijua, ni kubonyeza tu. Nyamizi akamwomba aizime tena kabisa, ili isahau kama mwanzo.

Siku iliyofuata Gwakisa alifika na shangazi yake, suti nyeusi, macho mekundu. Alikuwa amelia kweli. Nyamizi aliwanawisha mikono, akawapakulia ugali na nyama, akangoja wale washibe. Kisha, mbele ya wazee waliokaa chini ya turubai, akaweka mashine kwenye mapaja ya Gwakisa.

"Fundi, imekataa tena. Wajomba wanataka kuona alichokuwa anacheza marehemu."

Alimpa nafasi. Angeweza kubonyeza pale pale, akasema nimekosa, na huenda mambo yangekuwa mengine. Gwakisa aliitazama ile alama.

"Hapa haiwezekani, mpenzi. Mpaka niende nayo Mbeya."

Nyamizi akanyoosha kidole, akabonyeza. Kelele za uwanja zikatoka pale msibani, na mtangazaji akaanza kutaja majina ya wachezaji kwa Kiswahili. Mjomba mmoja akavua kofia. Shangazi Veneranda hakuelewa mashine, lakini alimwelewa mpwa wake alipoinamisha kichwa.

Gwakisa alisema alifanya vile kwa sababu alimpenda. Alisema alitaka tu amwone.

"Ungeniambia njoo, ningekuja," Nyamizi alisema taratibu. "Kila wiki ningekuja, bila mashine. Na siku ile ningekupigia simu nikasema baba anaumwa, sitoki, na wewe ungenielewa. Mimi ningekuwa hapa baba ananiita, nikaitika."

"Nisamehe, Nyamizi. Nitakuoa, nitakutunza."

"Nakupenda bado, na ninajichukia kwa hilo. Ondoka kabla watu hawajaniuliza nilikuwa wapi baba yangu anakufa, maana nitawaonyesha wewe."

Veneranda alimshika mpwa wake kiwiko, wakatembea kuelekea barabarani pasipo mtu wa kuwasindikiza. Mjomba aliuliza kama fundi amemaliza. Nyamizi alijibu kwamba amemaliza, akaizima mashine, akarudi ndani kukaa na akina mama.