Kichwa Chako, Mgongo Wangu

— Ulivuta lini?

Mchumba wangu aliniuliza akiwa bado na mkanda kiunoni, rangi nyeupe imemrukia mpaka kwenye kope. Yeye hupaka kuta za maghorofa akining'inia kwa kamba. Mimi hushika kamba ya akiba: ile ya kwanza ikiteleza, uhai wake uko mikononi mwangu. Asubuhi ile alikagua fundo langu kabla ya kupanda, akakuta limefungwa nusu. Alilifunga upya mwenyewe, akapanda, akapaka hadi mchana bila kunisemesha.

— Jana, nikasema. Jumapili. Siku yangu, bangi yangu, mapafu yangu.

— Na leo asubuhi?

Nikatazama viatu.

— Kidogo tu.

— Kidogo cha kuniangusha kutoka ghorofa ya ngapi?

Damu ikanichemka. Nikamwambia mjomba wake hunywa mpaka anasalimia milango, na hakuna anayemwita mhuni. Nikamwambia sijaiba, sijampiga mtu. Raha iliyo ndani ya kichwa cha mtu ni mali yake.

— Umemaliza kuhutubia?

— Nijibu basi. Kosa langu liko wapi?

— Mjomba akilewa analala kwenye kiti. Hashiki mtu. Ya jana ningekununia tu, yangeisha. Lakini leo umenifunga mkanda, umenitazama machoni, ukaniambia nipande. Kichwa ni chako, bwana. Mgongo huu ni wa nani?

Nikaanza kukunja kamba ya akiba.

— Harusi isubiri, akasema. Nitakwambia nikijua.

Kesho yake alipanda na mshika kamba mwingine. Nami nikaenda kwa msimamizi, nikamweleza kila kitu.

— Hakuna aliyekushtaki, akasema. Unajua nikisikia haya nakutoa kwenye kamba?

— Nitoe.

Akanipeleka kukoroga rangi. Mafundi wakafurahi.

— Shemeji kapanda cheo! Sasa anashika ndoo.

— Taratibu, shemeji, isije ndoo ikakuponyoka.

Nikakoroga wiki tatu bila kuvuta, kichwa safi kama ukuta mpya. Siku moja, saa ya chakula, simu ikatetemeka mfukoni. Ni yeye.

"Nani alikutuma ukajisemee?"

"Hakuna."

"Wanasema siku hizi umekuwa mtakatifu."

"Waongo. Bado naona anayevuta jioni kwake, bila mtu mikononi, hajamkosea mtu. Mimi nilikukosea wewe. Sitavuta siku yoyote ninayokushika."

Nikafuta mikono. Ikaingia nyingine.

"Na unataka kunishika siku ngapi?"

"Zote, ukikubali."

"Basi hesabu mwenyewe siku za kuvuta zilizobaki."

Nilihesabu. Nikacheka peke yangu mpaka fundi wa jirani akaniuliza kama nimerudia mambo yangu.

Mara nikamwona mchumba wangu anakuja kwa msimamizi, mkanda begani.

— Nirudishie mtu wangu, akasema.

— Una uhakika, dada?

— Nimemtazama wiki tatu kutoka juu. Kule juu mtu anaonekana vizuri.

Kisha akanigeukia, akaninyooshea simu yake.

— Mama yangu yuko hewani. Mwambie tarehe ya harusi, mimi nimechoka kumdanganya kwamba ukumbi umejaa.