Moshi Uliosogeza Mchoro

Kila alfajiri kabla ya shule, Bilan alimsaidia mama yake, Faduma, kufukiza vyombo vya maziwa ya ngamia ili maziwa yasiharibike upesi. Walitia vijinga vya moto ndani, wakafunika, kisha wakapangusa majivu. Ndipo maziwa yakatiwa humo na kuondoka kijijini kwao Bura kwenda Garissa, safari ya masaa matatu juani.

Muhula huo, mwanafunzi mmoja tu angeiwakilisha shule katika mashindano ya sayansi ya kaunti mjini Garissa. Bilan aliitamani nafasi hiyo hadi usingizini. Alipeleka maziwa ya vyombo viwili kwa Bi Weris, mpimaji wa maziwa, aliyehesabu vijidudu katika tone moja kila saa. Chombo kisichofukizwa kilianza na mia nane, kikafika elfu moja mia sita, kisha elfu tatu mia mbili. Kilichofukizwa kilianza na mia moja, ikawa mia mbili, mia nne, mia nane, elfu moja mia sita, hadi elfu tatu mia mbili.

Alipochora grafu, alinyong'onyea, kwani alitarajia mstari wa chombo kilichofukizwa upande polepole. Mistari yote miwili ilipinda na kupaa vilevile!

"Abaayo, dada yangu, moshi wa mama yako ni wa kunukia tu!" Yakub, mwanafunzi mwenzake, alicheka. "Ufute huo mstari wa pili, uulaze kidogo. Nani atajua?"

Bilan alishika kifutio. Akakirudisha mezani. "Nitajua mimi, wallahi."

Kesho yake, Mwalimu Hirsi aliutazama mchoro mbele ya darasa. "Bilan, umechora mstari mmoja mara mbili?"

"Hapana, mwalimu. Hesabu ndivyo zilivyotoka."

Hapo wazo likamjia. Alinakili mstari wa chombo kisichofukizwa kwenye karatasi nyepesi, akausogeza kulia: saa moja, mbili, tatu. Ukalala juu ya mwenzake, sawia!

"Moshi haubadilishi mpindo, mwalimu! Unausogeza mbele masaa matatu! Maziwa yetu yakifika Garissa, ndiyo kwanza yana vijidudu vingi kama vile ambavyo yale mengine yalianza navyo Bura!"

Darasa lililipuka kwa makofi. Yakub alipiga dawati kuliko wote.

"Mwalimu, nusura niufute mstari wa pili," Bilan alikiri.

"Ungeufuta, ungefuta na jibu lenyewe," alisema Mwalimu Hirsi. "Sikilizeni, watoto. Matokeo yasipowapendeza, msiyapake rangi. Yaulizeni yana maana gani. Bilan, jiandae. Garissa unakwenda wewe."