Mkufu Wenye Makali

"Usimpoteze, Natalia! Ndege yake inamsubiri Ndutu," Lucas alipaza sauti redioni kutoka makumbusho.

"Hapotei."

Pikipiki ya Honda ilinguruma kupita njiapanda ya Oldeani. Mbele, Land Cruiser ya kijani ilisimama kwenye lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ukungu ukiwa umeifunika hadi vioo.

Natalia, mpelelezi wa polisi, alishuka. Bastola yake, Glock, ilikuwa chini ya koti.

Van Dorp, mlanguzi wa vito vya kale, alitabasamu.

"Hii nakala tu, dada. Risiti hii hapa."

Alifungua kiboksi. Mkufu wa dhahabu. Rubi saba.

Natalia alisoma risiti. *Nakala ya mkufu wa makumbusho. Fundi: Leonce, sonara, Karatu.*

Sahihi ya baba yake.

Mkufu wa asili, wa zaidi ya miaka mia, asubuhi ile bado ulionekana kwenye kabati lake la kioo makumbusho. Karatasi haikuwa na kasoro. Ilibidi amwachie.

Aliugeuza mkufu ule, akapitisha kidole nyuma ya mawe.

Damu.

Baba hakuwahi kuacha makali. "Mama anavaa, mtoto ananyonya, mtoto anatafuna," ndivyo asemavyo, huku akipiga tupa kila kishikizo cha jiwe. Mkufu aliomtengenezea Natalia, mwanawe mchanga Eva ameutafuna miezi minane. Haujamchubua fizi hata siku moja.

Alibonyeza redio.

"Lucas, risiti imesainiwa na sonara Leonce. Fungua kioo cha makumbusho. Shika ule mkufu kwa nyuma."

Redioni ufunguo ulisikika ukizunguka.

"Laini kama sabuni."

"Basi huo ndio nakala. Wa asili anao huyu."

Mkono wa Van Dorp ulikimbilia kiunoni. Glock iliwahi.

"Thubutu!"

Hakuthubutu. Pingu zikalia, askari wa lango wakamchukua pamoja na mkufu.

Redio iliita tena, kwa sauti ya chini.

"Natalia... fundi aliyesaini..."

"Namjua. Nenda kamchukue."

Kisha akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Baba, ulijua watabadilisha mikufu?"

Tupa iliyokuwa ikisikika ilinyamaza.

"Nilijua."

"Ungeacha makali, nisingegundua."

"Waliniambia niyaache. Nikajaribu, mwanangu. Mkono ulikataa."

Natalia alitazama ukungu.

"Lucas yuko njiani. Vaa sweta, baba. Kule mahabusu kuna baridi."

Alikata simu. Akafuta damu ya kidole kwenye suruali, akavaa helmeti, akapiga kiki.

Hakugeuka nyuma.